Uchovu wa Moyo kwa Mke Anayepigwa



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, leo tunazungumzia maradhi yasiyoonekana kwa macho: uchovu wa moyo unaompata mke anayepigwa na mumewe. Yapo Ngara na Biharamulo, tangu Rulenge na Kabanga hadi Nyakahura na Nyakanazi, kama yalivyo kwingineko nchini. Uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2005 ulionyesha kwamba, kati ya wanawake waliowahi kuwa na mume au mwenzi, 41 katika kila 100 Dar es Salaam, na 56 katika kila 100 kule Mbeya, walikwisha kupigwa naye au kuingiliwa kwa nguvu.

Uchovu wa jembe huondoka kwa usingizi. Huu hauondoki, nao una sababu zake. Ya kwanza ni hofu: mke asiyejua kitakachomkasirisha mumewe hapumziki hata siku isiyo na kipigo. Ya pili ni kujilaumu: huambiwa kosa ni lake mpaka akaamini. Ya tatu ni matumaini yanayovunjika. Lenore Walker, mtaalamu wa elimu ya nafsi wa Marekani, alieleza mwaka 1979 kwamba hasira hujikusanya, kipigo hufuata, kisha huja maombi ya msamaha. Na mzunguko huanza upya. Ya nne ni kukata tamaa: aliyejaribu mara nyingi bila kufanikiwa huacha kujaribu, hata mlango ukifunguka. Hapo mapenzi hukauka. Hupika, hulima na hulea, lakini hana furaha wala hasira. Watu husema ametulia, kumbe amechoka.

Mazingira nayo humfunga. Shamba la migomba na kahawa mara nyingi ni la ukoo wa mume; akiondoka, huacha jasho lake, na pengine wanawe. Aliyeolewa kutoka Rwanda au Burundi, ndugu zake wako ng'ambo ya mpaka. Nasi humwambia avumilie. Subira ni ibada, lakini kumsubirisha mtu juu ya dhuluma ni kumsaidia dhalimu.

Surat Ar-Rum, aya ya 21, yaitaja ndoa kuwa ni utulivu, mapenzi na huruma. Wako wanaoegemea aya ya 34 ya Surat An-Nisaa ili kuhalalisha ukatili. Na wajue kuwa Mtume, aliyeteremshiwa aya hiyo, kwa mapokezi ya Bibi Aisha, hakupata kumpiga mwanamke wala mtumishi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo, kifungu cha 66, haimpi mtu haki ya kumpiga mwenzi wake.

Basi, wazazi, msimrudishe binti kabla ya kumsikiliza. Wazee wa Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, msiite suluhu kule kumrudisha mke kwenye kipigo. Sheria hiyo hiyo huhesabu ukatili wa mwili na wa nafsi kuwa ushahidi kwamba ndoa imevunjika. Jirani, mpeleke aliyeumizwa hospitali na kwenye Dawati la Jinsia la polisi. Nawe mume, tubu leo, na toba yako ionekane mkononi mwako.

Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu amani. Amin.