Mitandao ya Kijamii na Uhuru wa Kusema: Je, Inaukuza au Inaudumaza?

Utangulizi

Ibara ya 18 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inampa kila mtu uhuru wa kuwa na maoni na kueleza fikra zake. Zamani, aliyetaka kusikika mbali alihitaji gazeti, redio au jukwaa. Leo simu ya mkononi inamtosha. Kwa sababu hiyo wapo wanaosema kwamba mitandao ya kijamii imeukamilisha uhuru wa kusema. Wengine husema imeuharibu kwa matusi na uzushi. Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kwamba mitandao humpa mtu nafasi ya kusema, wala haimpi uhuru wenyewe. Uhuru hulindwa au huvunjwa na watu.

1. Nafasi iliyopanuka

Sisi Walutheri hatuna sababu ya kudharau chombo kipya cha mawasiliano. Hoja 95 za Martin Luther za mwaka 1517 ziliandikwa kwa Kilatini kwa ajili ya mjadala wa wasomi. Hata hivyo, kabla ya mwaka huo kwisha zilikuwa zimechapishwa Leipzig, Nürnberg na Basel. Mwaka 1521 Amri ya Worms ilipiga marufuku maandishi yake, lakini wachapaji waliendelea kuyatoa na watu wakaendelea kuyasoma.

Jambo linalofanana na hilo tumeliona hapa kwetu. Maaskofu wa KKKT walipotoa waraka wa Pasaka wa mwaka 2018, “Taifa Letu, Amani Yetu”, haukuishia madhabahuni uliposomwa. Kwa njia ya simu uliwafikia hata watu wasioingia kanisani. Baadaye barua ya kuwataka maaskofu waufute nayo ilienea mitandaoni. Jambo ambalo lingeweza kumalizikia ofisini likajadiliwa na taifa zima.

2. Vizuizi vitatu

Pamoja na hayo, nafasi hiyo ina vizuizi vyake. Cha kwanza ni mamlaka. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inafanya uchapishaji wa taarifa za uongo kuwa kosa la jinai, na kanuni za mwaka 2018 ziliwataka wenye blogu kulipia leseni. Mwezi Mei 2025 mtandao wa X ulifungiwa nchini, na tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa. Sauti inayotegemea waya wa mwingine yaweza kukatwa wakati inapohitajika zaidi.

Cha pili ni umati. Mwanamke anapotoa hoja juu ya siasa au uongozi, mara nyingi hajibiwi hoja yake. Hutukanwa kwa umbo lake au ndoa yake. Asipoandika tena, hakuna sheria iliyomnyamazisha, lakini amenyamazishwa. Hata katika makundi ya WhatsApp ya sharika zetu, Mkristo anayeuliza matumizi ya sadaka huweza kuitwa mpinga kanisa mbele ya wote.

Cha tatu ni biashara. Kampuni za mitandao huishi kwa matangazo, na programu zao huyatanguliza yale yanayowavuta watu kutazama na kujibu. Hasira huvuta wengi kuliko maelezo ya taratibu. Kwa hiyo kila mtu anaweza kusema, lakini si kila mmoja anayesikika.

3. Fundisho la Amri ya Nane

Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 Luther haishii kwenye katazo la kumshuhudia jirani uongo. Anatufundisha kumtetea jirani na kuyachukulia mambo yake kwa upande ulio mwema. Je, maana yake tunyamaze tuonapo uovu? La. Katika Katekisimo Kubwa anatofautisha dhambi ya siri, ambayo hushughulikiwa kwanza kwa faragha kama Mathayo 18:15 inavyoelekeza, na uovu uliotendwa hadharani, ambao huweza kukemewa hadharani. Kwa kipimo hicho, kumkosoa kiongozi kwa matendo yake ya wazi si kuvunja amri. Kuanika siri za nyumba ya jirani ni kuivunja.

Luther mwenyewe hakukishika kipimo hiki daima. Mwaka 1543 alichapisha kitabu cha chuki dhidi ya Wayahudi, ambacho Makanisa ya Kilutheri yamekuja kukikataa. Mashine iliyoieneza Injili ilieneza na chuki hiyo.

Hitimisho

Basi, mitandao hukuza uhuru wa kusema pale ambapo anayesema hulindwa na anayesemwa hutendewa haki. Pasipo hayo huudumaza. Kanisa lina wajibu wa aina mbili. Halina budi kuwatetea wanaofungwa midomo, hata wale ambao halikubaliani na maoni yao. Tena halina budi kuanzia nyumbani: viongozi wa sharika wajibu maswali ya washarika kwa hesabu zilizo wazi, na walimu wa kipaimara wafundishe Amri ya Nane wakiitaja simu kwa jina lake. Kanisa lisilovumilia swali katika kundi lake dogo litaidai serikali uhuru wa kusema kwa ujasiri gani? Kusema kweli katika upendo, kama Waefeso 4:15 inavyoagiza, hudai vyote viwili: kweli isiyofichwa kwa hofu, na upendo usiosahaulika kwa hasira.