Fahamu Homoni za Mimea na Namna Zinavyoamua Mavuno ya Mkulima

Na Mwandishi Wetu

SI ajabu kumkuta mkulima wa nyanya au vitunguu katika duka la pembejeo akiulizia chupa ya "busta", akiamini kwamba kadiri atakavyoipulizia kwa wingi ndivyo shamba lake litakavyostawi. Wapo wanaopata matokeo mazuri. Wapo pia wanaoishia kuona mashina yamerefuka na kulegea, maua yamepukutika na fedha imekwisha, huku udongo ukiwa na njaa ileile ya mbolea uliyokuwa nayo awali.

Tofauti kati ya makundi hayo mawili mara nyingi hutokana na jambo moja lisiloelezwa vya kutosha. Baadhi ya bidhaa hizo zina virutubisho, nyingine zina homoni, na nyingine huchanganya vyote viwili. Virutubisho ni chakula cha mmea. Homoni si chakula, bali ni taarifa inayouelekeza mmea ukue wapi, lini na kwa kiasi gani. Mkulima anayeufahamu utofauti huo ana nafasi kubwa zaidi ya kulinda mtaji wake, mazao yake na afya ya walaji.

Homoni za mimea ni nini?

Mmea hauna ubongo wala mishipa ya fahamu. Hata hivyo, mizizi hujua kuelekea chini, shina hufuata mwanga, mbegu husubiri mvua na tunda huiva kwa wakati wake. Shughuli hizo zote huratibiwa na kemikali ambazo mmea wenyewe huzitengeneza kwa kiasi kidogo mno katika sehemu moja, kisha huathiri seli za sehemu hiyo au husafiri hadi sehemu nyingine.

Wataalamu wamezoea kutaja makundi matano makuu. Auksini hurefusha seli, huchochea mizizi na kuliongoza shina kuelekea mwanga. Jiberelini hurefusha mashina na kuamsha mbegu iliyolala. Saitokinini huchochea seli kugawanyika na huchelewesha kuzeeka kwa majani. Asidi ya absisiki huizuia mbegu isiote kabla ya wakati na hufunga stomata, yaani vitundu vidogo vya majani, pindi ukame unapoingia ili maji yasipotee. Ethilini, ambayo ni gesi, huivisha matunda na kudondosha majani. Baadaye yaliongezeka makundi mengine, likiwamo la strigolaktoni ambalo lina uhusiano wa moja kwa moja na gugu la kiduha linaloyasumbua mashamba ya nafaka.

Elimu hii ilianzia wapi?

Mwaka 1880 mwanasayansi wa Uingereza, Charles Darwin, akishirikiana na mwanawe Francis, alichapisha matokeo ya majaribio yaliyofanywa kwa miche ya nyasi. Miche hiyo ilipomulikwa upande mmoja ilipinda kuelekea kwenye mwanga, lakini ilipofunikwa ncha haikupinda. Wakahitimisha kwamba ncha ndiyo inayoupokea mwanga na kupeleka taarifa sehemu ya chini. Takriban nusu karne baadaye, mwaka 1928, Mholanzi Frits Went alionesha kuwa taarifa hiyo ni kemikali, nayo ndiyo ikaitwa auksini. Mwanga ukitokea upande mmoja, auksini hukusanyika upande wa kivuli, seli za upande huo hurefuka zaidi na shina hupinda.

Nchini Japani, wakulima wa mpunga walikuwa wakisumbuliwa na ugonjwa uliorefusha miche kupita kiasi hadi ikaanguka bila kutoa mavuno. Waliuita ugonjwa wa mche mpumbavu. Mwaka 1926 Eiichi Kurosawa alibaini kuwa kuvu aliyesababisha ugonjwa huo alitoa kemikali yenye uwezo wa kurefusha mimea hata kuvu mwenyewe asipokuwapo. Kemikali hiyo ndiyo jiberelini, na kisa hicho kinatoa onyo kwa mtumiaji wa busta wa leo kwamba mmea uliorefuka haraka si lazima uwe mmea wenye mavuno.

Historia ya mpunga inalithibitisha hilo kwa upande wa pili. Mbegu ya IR8, iliyotolewa mwaka 1966 na Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga nchini Ufilipino, iliongeza mavuno barani Asia kwa kuwa na shina fupi na imara lisilolala chini inapowekewa mbolea. Miongo kadhaa baadaye watafiti walibaini kuwa ufupi huo ulitokana na jeni inayopunguza utengenezaji wa jiberelini ndani ya mmea.

Kupogoa na kupanda vipandikizi

Mkulima huathiri homoni hata pasipo kununua chochote. Kichipukizi cha kileleni hutengeneza auksini inayoteremka na kuyazuia machipukizi ya pembeni yasikue. Kikikatwa, kizuizi hicho huondoka na matawi ya pembeni hutokeza. Hii ndiyo sababu mchai wa Mufindi, Njombe au Rungwe, ambao ungeachwa ungekuwa mti mrefu, hubaki kichaka kipana chenye machipukizi mengi ya kuchumwa. Kanuni hiyohiyo hutumika katika kupogoa mibuni, na hutumiwa pia na mama anayechuma ncha za mmea wa maboga kwa ajili ya mboga na kuona mmea ukizidi kutoa matawi.

Auksini husafiri kutoka juu kwenda chini, hivyo hukusanyika kwenye ncha ya chini ya kipandikizi na kuchochea mizizi hapo. Kwa sababu hiyo kipande cha shina la muhogo kinapaswa kupandwa kwa kuzingatia upande wake wa chini na wa juu, kwa kuwa kukigeuza ni kuuchelewesha mmea. Unga wa kuotesha mizizi unaotumika katika vitalu vya miche una auksini iliyotengenezwa viwandani, na kiasi kidogo kwenye ncha iliyokatwa hutosha.

Kuivisha matunda kwa usalama

Kuvundika ndizi ni maarifa ya kale katika jamii zetu. Mkungu hufunikwa kwa majani makavu, hufukiwa shimoni au huwekwa mahali penye moshi, na baada ya siku chache ndizi huwa njano na tamu. Waliofanya hivyo hawakuijua ethilini kwa jina, lakini waliitumia ipasavyo. Gesi inayotolewa na ndizi zenyewe hubaki imefungiwa ndani na kuzichochea zilizosalia, na moshi wa kuni nao una ethilini.

Sayansi iliifahamu gesi hiyo kupitia taa. Mwaka 1901 Dimitri Neljubow wa Urusi alieleza kuwa miche ya njegere iliyopinda na kudumaa maabarani iliathiriwa na ethilini iliyokuwamo kwenye gesi ya taa. Mwaka 1934 Mwingereza Richard Gane akathibitisha kuwa matunda yenyewe huitengeneza. Kiasi cha sehemu 1 tu katika milioni 1 za hewa huweza kuanzisha kuiva kwa ndizi iliyokomaa.

Matunda hayafanani katika jambo hili. Ndizi, embe, parachichi, papai na nyanya huendelea kuiva baada ya kuchumwa, mradi yawe yamekomaa. Chungwa, limau, nanasi na zabibu hayaongezeki utamu baada ya kuchumwa, hata yakivundikwa. Kwa msafirishaji, elimu hii ina thamani ya fedha: tunda moja lililoiva au kuoza likiachwa ndani ya kreti huyaharakisha yaliyolizunguka, na mboga za majani zikihifadhiwa pamoja na ndizi mbivu hugeuka njano mapema.

Panapokuwa na haraka ya soko ndipo hatari huingia. Baadhi ya wafanyabiashara hutumia kalsiamu kabaidi, kemikali inayotumiwa na mafundi wa kuchomelea vyuma. Ikikutana na unyevu hutoa gesi ya asetilini, ambayo huiga kazi ya ethilini. Kabaidi ya viwandani huweza kuwa na mabaki ya aseniki na fosforasi, ambayo ni hatari kwa anayeishika na kwa mlaji. Isitoshe, huweza kuligeuza ganda la tunda changa kuwa njano wakati nyama yake ikiwa bado ngumu na isiyo na utamu. Njia salama zaidi ni kuchuma matunda yaliyokomaa, kuyavundika kwa njia ya asili au, kwa wafanyabiashara wakubwa, kutumia vyumba maalumu vya kuivishia vyenye ethilini inayopimwa.

Homoni inapokuwa sumu ya magugu

Kiuagugu kijulikanacho kama 2,4-D, kilichoanza kutumika miaka ya 1940, ni auksini ya kutengenezwa. Magugu yenye majani mapana yakiipokea kwa wingi hupokea amri za kukua zisizo na mpangilio. Mashina hujisokota, majani hujikunja na mmea hufa. Mimea ya jamii ya nyasi, ikiwamo mahindi na ngano, huihimili kwa kiwango kikubwa, na ndiyo maana hutumika katika mashamba ya nafaka.

Tatizo hutokea pale upepo unapoibeba kwenda shamba la jirani. Mizabibu, pamba na nyanya huathirika hata kwa kiasi kidogo sana. Katika mikoa kama Dodoma, ambako mizabibu huweza kupakana na mashamba ya nafaka, au katika maeneo ya pamba ya Kanda ya Ziwa, kupulizia wakati wa upepo kunaweza kuharibu msimu mzima wa jirani na kuzaa mgogoro usio wa lazima. Vilevile, bomba la mgongoni lililotumika kwa kiuagugu hicho lisitumike kupulizia nyanya au pamba. Ni vyema mkulima akawa na bomba lake maalumu kwa viuagugu, kwani mabaki machache tu yanatosha kuleta hasara.

Kiduha: gugu linalodukua mawasiliano

Mmea wa mahindi au mtama unapokosa fosforasi ya kutosha, mizizi yake hutoa strigolaktoni udongoni ili kuwaalika kuvu rafiki wanaousaidia kupata madini hayo. Bahati mbaya, mbegu za kiduha nazo huisikia taarifa hiyo. Mbegu hizo ni ndogo kama vumbi, mmea mmoja huzalisha makumi ya maelfu, na huweza kukaa ardhini zaidi ya miaka 10 zikisubiri. Zikiipata ishara huota, hujishikiza kwenye mzizi na kuunyonya mmea kabla mkulima hajaona dalili yoyote juu ya ardhi.

Kwa kuufahamu utaratibu huo, mkulima hupata njia mbili za kujikinga. Ya kwanza ni kurutubisha udongo kwa samadi na mbolea, kwa kuwa mmea ulioshiba hupunguza kutoa ishara hiyo. Ya pili ni kubadilisha mazao kwa kupanda pamba au soya, au kuchanganya nafaka na desmodiamu. Mimea hiyo huziotesha mbegu za kiduha lakini haiwi mwenyeji wake, hivyo gugu huota na kufa kwa kukosa pa kunyonya. Kung'oa kiduha kabla hakijatoa mbegu nako hubaki kuwa jambo la lazima.

Kutoka maji ya dafu hadi miche ya chupa

Wakazi wa pwani watafurahi kufahamu kuwa maji ya nazi yana nafasi yake katika historia hii. Mwaka 1941 Johannes van Overbeek na wenzake walionesha kuwa maji hayo husaidia viini vichanga vya mimea kukua maabarani, na baadaye ikabainika kuwa yana saitokinini. Mwaka 1957 Folke Skoog na Carlos Miller wa Marekani wakaonesha kuwa uwiano wa homoni ndio unaoamua: auksini ikizidi tishu hutoa mizizi, saitokinini ikizidi hutoa machipukizi.

Uwiano huo ndio msingi wa uzalishaji wa miche kwa njia ya chupa. Migomba tunayoilima haina mbegu, na machipukizi yanayohamishwa kutoka shamba moja hadi jingine huweza kubeba fukusi, minyoo fundo na mnyauko. Kutokana na kipande kidogo cha tishu safi, maabara huweza kupata miche mingi inayolingana na isiyo na wadudu hao.

Wito kwa wakulima

Katika mifano yote hii, kinachojirudia ni kwamba kiasi, wakati na mahali ndivyo vinavyoamua matokeo. Kabla ya kununua busta au kichocheo chochote, mkulima asome lebo na kujua kama kilichomo ni virutubisho au homoni, azingatie kipimo kilichoelekezwa, na ahakikishe kuwa kiuatilifu anachonunua kimesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA). Aidha, afisa ugani wa kata au kijiji ndiye mtu wa kwanza wa kuulizwa pale mmea unapoonesha dalili zisizoeleweka.

Mkulima aliyeanza kwa kupima udongo, kuweka mbolea stahiki na kutumia mbegu bora atanufaika na homoni pale itakapohitajika. Anayeitegemea homoni peke yake ataendelea kuuamrisha mmea ukue ilhali hajaupa cha kukulia.