Kufunga Shule Wakati wa Mavuno



Muhula wa kwanza umekwisha. Watoto wamefagia madarasa, wamepokea ripoti zao, wamesali, wameagana, nao sasa wamo majumbani mwenu. Twamshukuru Mungu aliyewalinda muda wote wa mvua, maana wengi wao huja kwa miguu kutoka mbali, na mtu wa Kintinku hana haja ya kuelezwa jinsi mvua ilivyo katika bonde hili. Maji ya milimani hututeremkia sisi. Mto Bubu hukijaza kinamasi cha Bahi, na makorongo ambayo mwezi wa Oktoba ni mchanga mtupu, mwezi wa Februari hayavukiki. Mtoto aliyeyavuka asubuhi na jioni, viatu mkononi na madaftari kichwani, amestahili kupumzika.

Habari za nani amekuwa wa kwanza na nani wa mwisho hatuziandiki hapa. Zimo katika ripoti, na ripoti husomwa nyumbani, si barazani. Neno letu la leo ni juu ya mwezi huu wa likizo wenyewe. Sisi twaona kwamba mtoto wa Kintinku akiacha shule mwezi wa Februari, aghalabu shauri lake lilikwisha kukatwa tangu mwezi wa Juni, pale pale penye uwanja wa kupuria nafaka, wala hakuna aliyejua kwamba linakatwa.

Tazameni jinsi mwaka wetu ulivyo. Mvua huanza Desemba, mavuno huja Mei na Juni. Siku hizi mtama na uwele vimeanikwa, mpunga umepigwa na kupepetwa, malori ya wanunuzi yamesimama kando ya barabara. Kila nyumba inashiba. Ndipo mambo yote ya nchi hukusanyika pamoja: harusi, ngoma, jando, pombe, madeni ya mwaka mzima, na wageni ambao hatukuwaona tangu mavuno yaliyopita. Hatuyalaumu hayo yote. Mtu aliyelima kwa jasho ana haki ya kufurahi. Lakini ghala haijui furaha wala huzuni, yajua kupungua tu. Inapofika Desemba inafagiliwa pembeni, na Januari mtoto anarudi shule tumbo likiwa tupu. Juma la kwanza anasinzia darasani. Juma la tatu anakuja siku mbili. Februari haji tena. Mwalimu akiuliza huambiwa mtoto anaumwa, na ugonjwa wenyewe twaufahamu sote.

Wazee wa Ugogo waliifahamu njaa kuliko sisi, hata wakazipa njaa zao majina kama mtu anavyowapa watoto wake. Ile ya miaka ya 1917 hadi 1920 waliiita Mtunya. Majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalikuwa yamechukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Kisha mvua zikakataa, kisha ikaja homa ya mafua iliyoenea ulimwenguni kote. Inakadiriwa kwamba watu 30,000 walikufa katika Ugogo yenye watu 150,000. Siku zetu, kwa neema ya Mungu, si siku za Mtunya. Tuna reli, tuna barabara, tuna mahindi yanayotoka mikoa mingine. Njaa ya sasa ni ndogo na ya kimya. Haiui mtu, humtoa mtoto darasani tu. Kwa sababu hiyo ni rahisi kuizoea.

Haya, tufanye hesabu pamoja, maana wengi huogopa jambo hili pasipo kulipima. Mwaka wa shule una siku 194. Mtoto mmoja akipata gramu 150 za nafaka kwa mlo wa mchana, ambazo ni ugali wa kumtosha mtoto au makande ya kushibisha, basi kwa mwaka mzima atakula kilo 29 na kidogo. Kilo 29 hazijazi madebe mawili ya mahindi. Madebe mawili! Ngoma moja ya siku mbili hunywa zaidi ya hayo. Ongezeni kunde au choroko, chumvi, na zamu ya kuleta kuni, na chakula cha mchana cha mtoto wenu kwa mwaka mzima kimekwisha kupatikana. Yafaa madebe hayo yapimwe sasa, mfuko ushonwe, jina la mtoto liandikwe juu yake, kabla ya lori kuondoka na kabla ya kimea kulowekwa.

Twajua neno linalosemwa kilabuni, nasi hatutalizunguka. Husemwa kwamba mahindi ya shule huliwa na walimu. Basi dawa ya neno hilo si kulikasirikia. Chakula kipokelewe na kamati ya wazazi, si na mwalimu peke yake. Kipimwe kwa mizani mbele ya aliyekileta, kiandikwe katika daftari, na ghala iwe na kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mwalimu na mwingine kwa mzazi. Mzazi ye yote aruhusiwe kuja siku ya kazi na kuliomba daftari. Mwongozo wa Serikali wa mwaka 2021 juu ya chakula na lishe shuleni wataka wazazi washiriki katika jambo hili, nasi twaona ni haki. Mahali ambapo daftari liko wazi, maneno hupungua yenyewe.

Tena juu ya dumuzi. Nafaka iliyowekwa Juni ikiwa haijakauka vizuri, Novemba ni unga wa wadudu. Ianikeni mpaka punje ivunjike kwa jino kwa sauti kavu. Wenye uwezo wanunue ile mifuko inayoitwa kinga njaa, yenye tabaka za nailoni ndani, inayofungwa barabara hata hewa isipite. Mdudu aliyemo hufa kwa kukosa pumzi, wala hakuna haja ya kutia sumu katika chakula cha watoto.

Sasa tuje kwenye ada. Hutuuliza wengi: kwa nini jirani yangu hamlipii mtoto wake, nami namlipia wangu? Swali hili ni la haki na lina jibu lake. Wazee watakumbuka kwamba zamani shule nyingi za nchi hii zilikuwa za misioni. Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 zile zilizopokea msaada wa Serikali zikawa mali ya umma, ili mtoto asibaguliwe kwa dini yake. Shule za Kanisa za siku hizi nyingi zilifunguliwa miaka ya baadaye, nazo huwalipa walimu wao kwa ada za wazazi. Serikali kwa upande wake iliondoa ada katika shule zake za msingi mwaka 2001, na kwa waraka wa mwaka 2015 ikakataza michango ya kulazimishwa. Kwa hiyo jirani yenu hakupendelewa, wala ninyi hamkuonewa. Ni njia mbili, na kila moja ina mzigo wake.

Mwenye mpunga na alipe sasa angali nao. Lakini asiuze wote kwa siku moja, maana bei ya siku za mavuno ni bei ya chini kuliko zote za mwaka, na yule aliyeuza gunia Juni hulinunua tena Januari kwa machozi. Auze wa ada, aweke wa chakula, abakize wa mbegu.

Na yule ambaye ada imemshinda kabisa? Huyu ndiye tunayemwandikia kwa moyo wote. Ndugu, usimfiche mtoto. Twaona kila mwaka mzazi mwenye deni anayeona haya kuja shuleni, basi mtoto akakaa nyumbani, muhula mmoja, kisha miwili, kisha akawa mchungaji wa ng'ombe wa watu. Njoo ulizungumze na mwalimu mkuu, ulipe kidogo kidogo. Na kama hata hilo haliwezekani, omba uhamisho wa desturi, umpeleke shule ya Serikali iliyo karibu nawe. Kumhamisha mtoto si aibu kwa mzazi, wala si dhambi mbele ya Kanisa. Nasi twapenda kumwona katika dawati lo lote kuliko kumwona porini saa nne ya asubuhi.

Kazi za nyumbani hatuzikatazi. Mtoto asiyejua kushika jembe wala kumjua ng'ombe wa baba yake ni mgeni katika nchi yake. Siku za kuwaamia ndege wa mpunga zimepita, lakini kuna kupura, kuchunga, kuteka maji. Afanye. Twaomba tu nusu saa kabla jua halijatua, akae mahali penye mwanga na kitabu chake, asome kwa sauti. Kama baba na mama hawana nafasi, amsomee bibi. Bibi hata asipojua herufi moja, atajua kama mtoto anakwama au anakwenda. Na bibi akimjibu kwa hadithi ya Kigogo, asikatazwe. Wapo wazazi wanaowapiga watoto kwa kusema Kigogo nyumbani, wakidhani kwamba hivyo Kiingereza kitaingia upesi. Hakiingii kwa njia hiyo.

Jando nalo lina wakati wake, na wakati wake ni huu wa kiangazi. Lifanyike juma la kwanza la likizo, si la mwisho, ili kidonda kipone kabla ya kufungua shule. Tena lifanyike hospitalini au kwa mtu mwenye vyombo safi. Juu ya wasichana twasema waziwazi: kuwakeketa ni kosa la jinai kwa sheria ya mwaka 1998, na mkoa wetu wa Singida ni mmojawapo wa mikoa ambayo desturi hiyo imekawia kuondoka. Watu wengine sasa huwatenda hivyo watoto wachanga ili isijulikane. Mungu ajua, na wauguzi nao wajua. Nyumba ya Mkristu isihesabiwe humo.

Liko jambo jingine linalotuondolea wasichana, nalo huja kwa sura ya wema. Wakati wa likizo hufika shangazi, au jirani aliyehamia mjini, amevaa vizuri, ameleta sukari na kitenge. Amsifu binti kwa adabu yake. Amwambia mama: nipe huyu akanisaidie kulea mtoto huko Dodoma, au Dar es Salaam, nami nitamsomesha. Mama afikiri juu ya ada na ya ghala, aona mlango umefunguka. Binti apanda basi. Julai dawati lake ni tupu, na kule mjini hakuna shule, kuna kufua na kupika tangu alfajiri mpaka usiku. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haimruhusu mtoto aliye chini ya miaka 14 kuajiriwa kazi. Shangazi wa kweli akitaka kumsomesha, na aje shuleni achukue barua ya uhamisho, ataje jina la shule anakompeleka. Asiyetaka kulitaja, mwende naye pole pole.

Na mwenye kuleta posa kwa mwanafunzi, mwambieni kwamba tangu mwaka 2016 Sheria ya Elimu yamwadhibu mtu anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au wa sekondari kwa kifungo cha miaka 30. Kama msiba huo umekwisha kuingia nyumbani, msimtupe binti. Tangu Novemba 2021 Serikali imetoa njia ya kuwarudisha shuleni waliokatiza masomo, nao waliojifungua wamo.

Darasa la saba wana majuma machache tu kati ya kufungua shule na mtihani wa taifa, ambao kwa desturi huwa Septemba. Darasa la nne hupimwa baada yao. Watoto hao wasipelekwe safari ndefu. Tena wazazi wa madarasa ya chini wajue kwamba kwa sera mpya ya elimu, iliyozinduliwa mwaka 2025, shule ya msingi itakuwa ya miaka sita. Walioingia darasa la tatu Januari 2024 ndio wa kwanza katika mpango huo, na imepangwa wamalize mwaka 2027 pamoja na darasa la saba la mwaka huo huo. Mwenye mtoto mmoja katika kila kundi atakuwa na wawili wa kuwapeleka sekondari kwa mara moja. Yafaa aanze kuweka akiba.

Mafundisho ya Komunyo ya kwanza hayakufungwa. Yaendelea kila Jumamosi asubuhi, na katika mwezi huu wa Moyo Mtakatifu wa Yezu twawasihi msali jioni pamoja na watoto, hata kwa ufupi.

Siku ya kufungua imeandikwa chini ya ripoti, pamoja na orodha ya madaftari. Sare iliyochanika yaweza kushonwa. Haina lazima kuwa mpya. Chakula kitapokelewa siku tatu kabla ya kufungua, tangu saa mbili mpaka saa nane, na mizani itakuwa chini ya mwembe. Ripoti ambazo hazikuchukuliwa ziko kabatini kwa mwalimu mkuu, naye atazitoa kwa mzazi au mlezi mwenyewe, hazitatumwa kwa mkono wa mtoto.