Kwenda likizo na mbwa: chanjo kwanza, nauli baadaye

Mwezi wa kumi na mbili ukikaribia, kila mtu hapa Dar anaanza kupiga hesabu za kwenda kwao. Huyu Moshi, yule Bukoba, mwingine Tanga. Siku hizi kwenye hesabu hizo kaongezeka abiria mmoja: mbwa. Vijana wengi wa mjini wanafuga, na si mbwa wa kulinda geti tu, ni rafiki wa nyumbani kabisa. Kumwachia jirani wiki tatu ni mtihani. Ndiyo maana swali ninaloulizwa sana ni hili: "Kaka, nikimpakia kwenye gari twende naye, kuna ubaya?"

Ubaya hakuna, ila ujue unabeba nini. Mbwa akisafiri, magonjwa yake yanasafiri naye. Na kule anakokwenda kuna mbwa wengine wenye magonjwa yao. Kubwa kuliko yote ni kichaa cha mbwa, na hilo ndilo nataka tuelimishane leo.

Chukueni mfano wa Pemba. Mwaka 2010 kichaa cha mbwa kilikuwa kinazunguka kisiwani. Ikaanza kazi ya kuchanja mbwa kisiwa kizima, kila mwaka, na kufikia Mei 2014 ugonjwa ukawa umekwisha. Watu wakapumua. Baadaye chanjo zikalegea. Mwishoni mwa 2016 ugonjwa ukaingia tena, tena mara mbili tofauti. Ilibidi kuchanja upya kisiwa kizima mpaka ukakoma Oktoba 2018.

Sasa jiulizeni: uliingiaje? Pemba ni kisiwa jamani. Kirusi hakiogelei wala hakipeperuki na upepo wa bahari. Kinasafiri ndani ya mnyama, na mnyama huyo lazima avuke maji. Mnyama mmoja tu asiye na chanjo anatosha kuharibu kazi ya miaka minne.

Hatari yake inatokana na jinsi ugonjwa wenyewe unavyofanya kazi. Kirusi kinakaa kwenye mate. Mbwa mgonjwa aking'ata, kinaingia kwenye jeraha, halafu kinafuata mishipa ya fahamu polepole kuelekea kwenye ubongo. Kwa binadamu safari hiyo huchukua kwa kawaida miezi miwili au mitatu, ila inaweza kuwa wiki moja au hata mwaka. Mbwa naye anaweza kuwa ameshaambukizwa na bado anatingisha mkia na kula vizuri. Siku chache kabla hajaonyesha dalili yoyote, mate yake tayari yana kirusi. Kwa hiyo ile kusema "mbwa wangu mzima, mcheki alivyonenepa" si kinga. Na dalili zikishaanza, kwa mbwa au kwa mtu, dawa hakuna. Ni kifo, karibu kila mara.

Habari njema ni kwamba ugonjwa huu unazuilika kabisa. Kabla ya kuondoka fanya haya:

1. Mchanje mapema. Mbwa anaweza kuchanjwa akifikisha miezi mitatu, na kinga inahitaji kama wiki tatu hadi nne ijengeke mwilini. Ukimchanja leo halafu kesho mkapanda gari, ni kama hujamchanja. Kama unaondoka tarehe 20 Desemba, nenda kwa daktari wa mifugo kabla Novemba haijaisha. Kama alishachanjwa, angalia tarehe ya kurudia, na kadi uibebe.

2. Ulizia kibali. Pita ofisi ya mifugo ya wilaya uulize karatasi gani zinatakiwa kwa huko unakokwenda. Kama unavuka mpaka kwenda Kenya, au unavuka maji kwenda Zanzibar, uliza mapema zaidi, maana wenyewe wana taratibu zao.

3. Fikiria usafiri. Kwenye basi la mkoani ukiambiwa mbwa akae kwenye buti, usikubali. Mbwa hatoi jasho kama sisi, anajipoza kwa kuhema, na kwenye hewa ya moto kuhema hakumsaidii. Hata gari dogo lililoegeshwa juani linaweza kupanda nyuzi 10 ndani ya dakika 10 tu, dirisha likiwa limefunguliwa kidogo. Mkisimama kula, mtoe naye, mpe maji, mfunge kwenye kivuli.

4. Usimwingize hifadhini. Wenye ndoto ya kupitia mbugani na mbwa, futeni hiyo. Hifadhi zetu za taifa haziruhusu wanyama wa kufugwa, na sababu ipo. Mwaka 1994 ugonjwa wa mbwa uitwao distempa uliingia Serengeti, na takriban theluthi moja ya simba wa pale, kama 1,000 hivi, walikufa. Watafiti waliona chanzo kuwa ni mbwa wa vijiji vya jirani, ambao wengi hawakuwa na chanjo. Na huo ni ugonjwa tofauti kabisa na kichaa, una chanjo yake. Mwambie daktari akuchanjie yote mawili.

Mkifika kijijini sasa. Mbwa wa bibi hajawahi kufungwa kamba, analala anakotaka, na huenda hajawahi kuona sindano. Wako atataka kujuana naye. Mweke kamba siku za mwanzo, na usiku mfungie ndani. Watoto wa ukoo watamzunguka kwa sababu ni mgeni. Usiwaache naye peke yao. Kati ya watu wanaong'atwa na mbwa wanaodhaniwa kuwa na kichaa, kama 4 kati ya 10 ni watoto chini ya miaka 15. Mtoto anaweza hata asiseme kwamba kang'atwa, anaogopa kuchapwa.

Na ile tabia ya kurudi mjini na kitoto cha mbwa kwenye boksi, zawadi kutoka kwa mjomba? Kama hajafika miezi mitatu, mwache mpaka akue achanjwe, utamfuata Pasaka.

Likitokea la kutokea, mtu kang'atwa au kakwaruzwa, au kalambwa kwenye kidonda, msimpake majivu wala mafuta ya taa. Osheni jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 kamili, mkiangalia saa. Halafu hospitali siku hiyohiyo, kwenye sindano za kinga. Zahanati ndogo zinaweza zisiwe nazo, kwa hiyo kabla ya safari ulizia hospitali gani ya karibu na kijiji chenu inazo. Hilo ni bora ulijue ukiwa mzima kuliko kulitafuta usiku mtoto analia. Mbwa aliyeng'ata, kama anakamatika bila hatari, msimuue kwa hasira. Mfungieni aangaliwe siku 10 na mmpe taarifa bwana mifugo.

Najua kuna watakaosema, "huku watu hawana nauli, wewe unaongelea chanjo ya mbwa." Nawaelewa. Lakini nauli ya safari ya ghafla kwenda hospitali ya wilaya, pamoja na mfululizo wa sindano, haikaribiani na gharama ya kumchanja mbwa mmoja. Na hapo tunaongelea waliowahi.

Kama chanjo imeshindikana safari hii, mwache mjini na mtu unayemwamini. Atakununia siku mbili, basi.

Naomba kuwasilisha. Mwenye uzoefu wa kusafiri na mbwa njia ya Kanda ya Ziwa atumwagie hapa chini.