Fahamu: Mtu anapoghairi kuingia kwa akaunti ya Google au Apple

Mtu afunguapo programu katika simu yake, akakuta kitufe kinachomwalika aingie kwa akaunti yake ya Google, Apple au Facebook, huwa na hiari ya kukubali au kughairi. Na aghairipo, ama kwa kuona kwamba habari zake nyingi mno zitakabidhiwa wengine, ama kwa kidole kuteleza tu, hana taksiri yoyote. Watungaji wa programu aghalabu hulisahau jambo hili, wakampokea kwa maandishi mekundu ya hitilafu, au, vibaya zaidi, wakamwacha mbele ya kiduara kinachozunguka bila kikomo.

Ilhali mifumo yenyewe hupambanua kughairi na hitilafu. Kanuni za OAuth 2.0, za kuipa programu ruhusa ya kufikia akaunti ya mtu, zilizochapishwa Oktoba 2012, ziliweka jibu mahususi la kuarifu kwamba mwenye akaunti amekataa. Apple hurudisha namba 1001 mtu aghairipo. Huduma ya Google Sign-In katika Android iliweka 12501 kwa jambo hilohilo. Na Facebook imetenga kabisa taarifa ya kughairi na ile ya hitilafu. Basi programu yenye adabu, ipatapo jibu hilo, husimamisha kiduara na kumrejesha mtu penye vitufe vyote, pamoja na njia ya barua pepe au namba ya simu, wala haimfungulii tena kwa nguvu dirisha alilolifunga kwa hiari yake.

Enyi watungaji, kabla hamjaitoa programu kwa umma, bonyezeni Ghairi wenyewe, mtazame mnaachwa wapi.