Kusoma Presha Nyumbani

Siku hizi mashine ndogo za kupimia presha zimeingia majumbani, hata hapa Lizaboni. Unafunga kitambaa mkononi juu ya kiwiko, unabonyeza kitufe, kitambaa kinajaa upepo, kisha namba zinatokea. Namba tunazijua kusoma. Je, zinasema nini?

Namba ya juu ni nguvu ya damu moyo unapoisukuma. Inayofuata ni nguvu inayobaki moyo unapopumzika. Ya tatu ni mapigo ya moyo kwa dakika 1. Hiyo siyo presha. Mzee mmoja jirani yetu aliisoma hiyo ya tatu, 72, akafurahi kwamba amepona. Kumbe juu yake mashine imeandika 168 na 98! Alikuwa ameacha vidonge wiki nzima.

Ukipima nyumbani ukapata chini ya 120 kwa 80, ni vizuri. Ikifika 135 kwa 85 siku baada ya siku, hiyo ni presha ya juu, hata kama iliyozidi ni namba moja tu kati ya hizo mbili. Zahanati huhesabu kuanzia 140 kwa 90, maana wengi wetu tukimwona mganga moyo huenda mbio.

Usipime ukiwa umetoka tu kubeba kuni. Kojoa kwanza. Kaa kwenye kiti dakika 5, egemea, usikunje nne. Kahawa na sigara ziwe zimepita nusu saa. Mkono ulale mezani, kitambaa kiwe usawa wa moyo, wala kisifungwe juu ya sweta (baridi ya Songea ya mwezi wa Julai tunaijua!). Usiongee. Pima mara mbili asubuhi kabla ya vidonge, na mara mbili jioni, kwa siku 7. Andika zote katika daftari, hata zile usizozipenda, umpelekee mganga. Namba zikiwa nzuri, ni vidonge vinafanya kazi. Usiviache bila kumwuliza.

Ikifika 180 kwa 120, tulia, pima tena. Ikibaki hapo, nenda hospitali siku hiyohiyo. Lakini kifua kikiuma, pumzi ikikata, uso au mkono ukilegea upande mmoja, au maneno yasipotoka sawa, msingoje kupima tena. Mpelekeni mgonjwa saa hiyohiyo, hata usiku.

Yule mzee amerudi kwenye vidonge vyake. Pembeni ya namba ya tatu, kwenye mashine, ameandika kwa kalamu ya wino: MAPIGO.