Mwindaji Anayeita kwa Harufu

Haya wanangu, sogeeni. Leo nawapeleka mbali, hadi misitu ya mialoni ya kaskazini-mashariki mwa Marekani, katika majimbo kama Pennsylvania na Vermont. Ni mwezi wa Novemba. Majani yamepukutika, baridi ya alfajiri inauma, na humo msituni anatembea dume la kulungu. Si kulungu wa misitu yetu huyu. Pembe zake zina matawi, na kila mwaka huanguka zikaota nyingine. Akishtuka huinua mkia, na upande wake wa chini ukaonekana mweupe pe. Ndiyo maana huitwa mkia-mweupe.

Siku hizi dume huyu hali akashiba, wala hatulii mahali pamoja. Anatafuta jike. Kwa nini Novemba? Kwa sababu siku zinazidi kuwa fupi, na mwili wake huhesabu majira kwa mwanga wa jua. Jike hubeba mimba kwa siku 200 hivi. Hesabuni wenyewe: akipata mimba katikati ya Novemba, atazaa mwanzoni mwa Juni, theluji imekwisha na majani machanga yamejaa kila mahali. Mtoto atazaliwa wakati mama ana maziwa ya kutosha.

Lakini msitu ni mpana, na kulungu hana mshenga. Dume na jike watajuanaje? Kwa harufu.

Mwili wa kulungu una tezi za harufu sehemu nyingi. Zipo kwenye kona ya jicho, kwenye paji la uso, katikati ya kwato, na kwenye miguu ya nyuma, upande wa ndani, penye kishungi cha manyoya meusi. Dume hutafuta tawi linaloning'inia juu ya njia. Hulilamba, hulitafuna kidogo, na kulipaka harufu ya paji lake. Kisha huparua majani yaliyo chini kwa kwato mpaka udongo uonekane, akasimama hapo na kukojoa, mkojo ukipita juu ya zile tezi za miguu. Mahali hapo sasa ni kama ubao wa matangazo wa kijiji. Kila kulungu apitaye husimama, akanusa, akajua nani alipita, ni dume au jike, na ni siku nyingi au ni jana tu. Akitaka kujua zaidi, dume huinua kichwa na kukunja mdomo wa juu. Hapo anaivuta harufu hadi kwenye kiungo maalumu kilicho juu ya kaakaa lake, kinachomwambia kama jike yu tayari kupandwa.

Msidhani mambo haya yako Marekani peke yake. Digidigi wa Serengeti naye ana tezi mbele ya jicho. Huingiza ncha ya kijiti au ya jani la nyasi ndani yake taratibu, akaacha tone jeusi linalonata: huo ndio mpaka wa makazi yake.

Sasa tumfuate mwindaji. Anataka nyama ya kulisha familia yake majira ya baridi, na sheria ya jimbo imempa kibali na msimu. Anajua kwamba hawezi kumkimbiza kulungu akamkamata. Kwa hiyo atamwita, na atamwita kwa lugha ya kulungu mwenyewe. Hapa ndipo chambo cha harufu kinapoingia, na wawindaji wengi hujitengenezea nyumbani.

Kazi huanza kwa kufuta, kabla ya kuweka chochote. Mwindaji hufua nguo zake kwa sabuni isiyo na manukato, akazianika nje, kisha akazifungia ndani ya mfuko pamoja na majani ya msonobari na udongo wa msitu uleule atakaowinda. Huvaa buti za mpira, kwa maana ngozi ya viatu hunywa jasho na kuliacha njiani. Huvaa na glavu.

Kisha hutafuta tawi linaloning'inia juu ya njia ya kulungu, na kuparua majani yaliyo chini yake kwa kijiti, akiiga kazi ya dume. Pasipokuwa na tawi zuri, hufunga kamba ya nyuzi za mimea, jamaa ya kamba zetu za katani, akaiacha ining'inie. Kamba ya plastiki haifai sana, maana haishiki harufu. Baada ya siku chache, kulungu wa kwanza akipita hulamba ile kamba na kuacha harufu yake. Wa pili huja kumjua wa kwanza, wa tatu akafuata. Tazameni jambo hilo: mwindaji ameweka kamba tu, na kulungu wenyewe wameimalizia kazi.

Wengine huongeza harufu za chakula. Huponda mbegu za mwaloni na kuziloweka, au huchemsha maganda ya matufaa, au hudondosha vanila kwenye kitambaa na kukitundika. Vanila haimo katika misitu hiyo, lakini harufu ngeni na tamu huweza kumvuta kulungu kwa udadisi. Hata hivyo, majimbo mengine hukataza kumwekea mnyama chakula ili kumwinda, basi mwindaji mwema husoma sheria kabla ya kufungua chupa yoyote.

Na juu ya hayo yote yuko bwana mkubwa: upepo. Asubuhi jua linapopasha mteremko, hewa hupanda mlima na kubeba harufu juu. Jioni hewa hupoa, ikashuka bondeni. Mwindaji akikosea hesabu hiyo, harufu yake mwenyewe hufika kabla ya ile ya chambo. Kulungu hupiga kwato chini, hukoroma kwa pua, mkia juu, na ametoweka. Kwa hiyo dungu la kuvizia hujengwa upande ambao upepo hauendi kwa kulungu. Chambo nacho hakiwekwi miguuni pa mwindaji. Huwekwa kando, mahali ambapo mnyama atasimama ametulia akinusa, ubavu ukiwa wazi, ili afe mara moja bila kuteseka. Hiyo ndiyo faida kubwa ya chambo, kwa sababu mnyama aliyejeruhiwa akakimbilia vichakani ni aibu kwa mwindaji na maumivu bure kwa kiumbe.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa hadithi inageuka. Zamani chambo kilichopendwa kuliko vyote kilikuwa mkojo wa kulungu wenyewe, uliokingwa kwa kulungu wa kufugwa na kuuzwa kwenye chupa. Lakini mwaka 1967, katika kituo cha utafiti huko Colorado, kulungu walianza kukonda, kudondosha mate na kupoteza mwelekeo, kisha wakafa. Baadaye wataalamu walitambua kuwa ubongo wao uliharibiwa na protini zilizojikunja vibaya, ziitwazo prioni. Ugonjwa huo hauna dawa. Prioni hutoka kwa mate, kinyesi na mkojo, na hukaa udongoni miaka mingi bila kufa, kwa kuwa si viumbe hai. Leo ugonjwa huo umeonekana katika majimbo zaidi ya 30.

Mmeelewa hatari yake? Chupa moja yenye mkojo wa mnyama mgonjwa ikimwagwa mahali ambapo kila kulungu huja kunusa na kulamba, msitu mzima unaweza kuambukizwa. Kwa hiyo majimbo kama Virginia na Vermont yamekataza mkojo halisi kutumiwa kama chambo. Wawindaji wengi wamerudi kwenye kamba, tawi na udongo ulioparuliwa, na kulungu bado wanakuja.

Wanangu, mwindaji aliyejifunza lugha ya mnyama ana nguvu juu yake, na mwenye nguvu ana deni. Anaweza kumwita kulungu mmoja amlishe mtoto wake, na hilo ni halali yake. Lakini hana haki ya kutia sumu mahali ambapo kulungu wote wanakutana, pamoja na wale watakaozaliwa Juni ijayo. Mkijifunza siri ya kiumbe chochote, awe kulungu wa Vermont au digidigi wa Serengeti, siri hiyo itumieni kwa kipimo, na mahali pake pa kuishi mpaache pakiwa safi.